Je, Wajua? Jirani Aliyeamua Siasa za Ufini
Ufini inapakana na Urusi kwa kilomita zipatazo 1,340, na ilitawaliwa nayo tangu 1809 hadi 1917. Novemba 1939 Wasovieti waliivamia. Baada ya siku 105 za vita vikali, ilipoteza takriban sehemu ya kumi ya ardhi yake, na watu wapatao 400,000 wakahama makwao Karelia. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ikachagua kutofungamana na upande wowote na kutia saini mkataba wa urafiki na Moscow mwaka 1948, busara ya taifa dogo lililoachwa peke yake. Kujihami hakukukoma: Itäkeskus, jijini Helsinki, bwawa la kuogelea limechimbwa ndani ya mwamba ili vita vikizuka liwahifadhi maelfu ya watu. Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022, kumbukumbu za 1939 zilirudi. Aprili 4, 2023, Ufini ikajiunga na NATO.