Ndugu Mwenye Ugonjwa wa Akili Anapoanza Kusahau

Mtu aliyeishi na skizofrenia kwa miaka mingi anapoanza kupotea njia, kurudia swali lile lile au kusahau majina ya watoto wa nduguye, jamaa hudhani ugonjwa wa zamani umezidi. Huenda sivyo. Wenye skizofrenia hupatwa na demenshia, yaani maradhi ya ubongo yanayodhoofisha kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, zaidi ya watu wengine, lakini kusahau kwao kuna vyanzo vingine pia, na baadhi vinatibika. Kwa familia ya Kitengela yenye kipato kidogo, chanzo cha kusahau kijulikane kwanza, kabla ya kuuza kiwanja ili kulipia nyumba ya kutunzia wagonjwa.

Chanzo kinachopuuzwa mno ni dawa zenyewe. Haloperidol na chlorpromazine, dawa kongwe za bei nafuu, huweza kukakamaza misuli na kuleta mtetemeko, na ndiyo sababu mgonjwa huongezewa benzhexol. Benzhexol huzuia kazi ya asetilikolini, kemikali ambayo ubongo huitegemea katika kumbukumbu na ambayo hupungua kwa mgonjwa wa Alzheimer, aina mojawapo ya demenshia. Mzee anayeimeza kila siku kwa miaka anaweza kuonekana ana demenshia, kumbe kinachomfaa ni kupunguziwa dozi. Uamuzi huo ni wa daktari. Dawa ikikatwa ghafla nyumbani, mgonjwa anaweza kuzidiwa.

Sonona nayo huvuruga kumbukumbu. Vivyo hivyo upungufu wa vitamini B12 au wa homoni ya thairoidi, VVU, kaswende iliyofika kwenye ubongo, na damu iliyovuja ndani ya fuvu baada ya kuanguka. Vingi kati ya hivi hugunduliwa kwa vipimo vya damu. Damu ya kichwani huhitaji picha ya CT. Kasi ya mabadiliko ni dalili muhimu: demenshia nyingi huja taratibu, kwa miezi na miaka. Aliyechanganyikiwa ndani ya saa au siku chache huenda ana maambukizi, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Mahali pa kuanzia ni hospitali ya umma ya Kitengela. Kutoka hapo mgonjwa hupewa rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kaunti mjini Kajiado, au hospitali ya akili ya Mathari, Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1910. Dawa zake zote zibebwe, pamoja na karatasi za matibabu ya zamani. Awe amesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) kwa jina lake mwenyewe. Mamlaka hiyo ilichukua nafasi ya mfuko wa bima ya afya, NHIF, Oktoba 2024, na mchango wa chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Aliyetimiza miaka 70 huweza kuombewa fedha za serikali za Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi. Mwenye ulemavu mkubwa ana mpango wake, bila kungoja umri huo.

Ikithibitika ni demenshia, nyingi hazina tiba ya kuziponya, na dawa za skizofrenia huongeza hatari ya kiharusi na kifo kwa wazee wenye demenshia. Mwenye skizofrenia na demenshia pamoja hupewa dozi ndogo iwezekanavyo na kuchunguzwa mara kwa mara. Uchunguzi huo haufai kumlazimu dada au kaka kulipa nauli ya Nairobi kila mara: marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2022 yanazipa kaunti wajibu wa huduma hii, na familia za Kajiado zina haki ya kuidai.