Gari Likipaa na Kushuka, Tazama Mipira Kwanza

Jirani yangu ni mwalimu, na gari lake ni Toyota Corolla ya 1993, ile ya AE100. Mwaka jana lilianza vituko. Likisimama kwenye foleni, injini hupaa kama inayotaka kuruka, hushuka karibu izime, kisha hupaa tena. Mkewe akawa haoni raha kulipanda.

Gereji ya kwanza ilimbadilishia plagi. Ya pili ikamwambia kompyuta imekufa, atafute nyingine. Bei aliyotajiwa ilikaribia karo ya muhula mzima ya kifungua mimba wake. Ndipo akanibishia mlango.

"Ulitazama mipira?" nikamuuliza.

"Mipira gani, jirani?"

Wengi wetu hatuijui. Unapoondoa mguu kwenye mafuta, mlango wa hewa wa injini hujifunga, lakini pistoni huendelea kuvuta. Nguvu hiyo ya kufyonza hutumiwa na vifaa kadhaa kupitia mipira. Mmoja mwembamba huenda kwenye sensa, mwingine kwenye kidhibiti cha presha ya petroli. Ule mnene huenda kwenye lile bakuli kubwa jeusi linalomrahisishia dereva kukanyaga breki.

Joto la miaka thelathini hukausha mpira ukapasuka, hewa ya wizi ikaingia. Sensa ya Corolla hii hupima presha tu, kwa hiyo presha ikipanda kompyuta hudhani kuna hewa halali na kuongeza petroli. Injini hupaa. Kompyuta ikiona mguu wako hauko kwenye mafuta, hukata petroli. Injini ikishuka, huirudisha. Huo ndio mchezo uliomchosha mwalimu. Kwa magari yanayopima hewa yenyewe inapoingia, ufa huo huo hufanya petroli iwe haba, injini ikatetemeka na kuzima. Basi usishike ushauri wa mwenye gari la aina nyingine.

Tulifungua boneti injini ikiwa baridi, tukapapasa kila mpira, hasa upande wa chini usioonekana na kwenye ncha. Ule wa kidhibiti cha petroli tuliuchomoa tukaunusa: ukikuta petroli ndani, kidhibiti kimetoboka. Kisha tukawasha injini na kunyunyiza maji ya sabuni kidogo kidogo kwenye viungo, mbali na nyaya za plagi. Mahali penye ufa maji hufyonzwa na mngurumo hubadilika. Kuna mafundi wanaonyunyiza petroli badala ya maji. Mfukuze fundi huyo kabla hajakuchomea gari.

Ufa ulikuwa chini ya ule mpira mnene wa breki. Mwalimu akakumbuka kwamba kwa wiki kadhaa breki zilikuwa ngumu kukanyaga, naye akadhani ni pedi. Jumamosi hiyo alikuwa amepanga kuteremka Mai Mahiu na familia yake kwenda Naivasha! Alinyamaza kwa muda.

Wewe pia unaweza kupima breki zako leo. Zima injini, kanyaga breki mara kadhaa mpaka iwe ngumu, ishikilie hivyo, kisha washa. Ikizama kidogo, ni nzima. Isipozama, usiende popote kabla ya kutengeneza.

Ikiwa mipira yote ni mizima, safisha mlango wa hewa na vali inayorekebisha mngurumo gari likiwa limesimama, kwa maana masizi huziba humo. Isitoshe, magari haya yana kisanduku cha kupimia chini ya boneti: fundi akiunganisha TE1 na E1 kwa waya na kufungua swichi bila kuwasha injini, taa ya injini humweka idadi ya kosa. Mwambie afanye hivyo kabla ya kutaja kompyuta.

Mwalimu alinunua mpira wa breki, si wa maji, kwa kuwa wa maji hunywea ukifyonzwa. Vali ndogo iliyo ndani yake tuliiweka kishale kikielekea injini. Siku hizi injini hutulia kwenye mizunguko 800 hivi kwa dakika, na karo ililipwa.