JE, WAJUA? Mota Ndogo Huiwezesha Darubini Kuukuu Kuandama Nyota

Je, wajua kwamba darubini ya zamani, ambayo mwenyewe hana budi kuizungusha kwa mkono kila mara ili nyota isimponyoke, yaweza kutiwa mota ndogo ya betri ikaiandama nyota hiyo kwa saa nyingi? Dunia hujizungusha mara moja kwa saa 23 na dakika 56, na kwa sababu hiyo mbingu huonekana kusogea digrii 15 kila saa, hata nyota iliyo karibu na ikweta ya mbingu huvuka masafa ya upana wa mwezi kwa muda wa dakika 2 tu.

Iwapo stendi ni ya aina ile ambayo mhimili wake mmoja hulazwa sambamba na mhimili wa dunia, kazi ni sahali: kirungu cha kuzungushia huondolewa, na mota hufungwa mahali pake, ili iiendeshe parafujo iliyoshikamana na gurudumu la meno. Gurudumu likiwa na meno 144, parafujo yapasa kuzunguka mara moja kwa takriban dakika 10.

Wala fikra hii si ngeni, kwani darubini kubwa aliyoiunda Joseph von Fraunhofer, iliyowekwa mwaka 1824 huko Dorpat, ambayo leo ni Tartu nchini Estonia, iliendeshwa kwa mtambo wa saa.

Aliyeko Dar es Salaam, takriban digrii 7 kusini mwa ikweta, atauinua mhimili kidogo tu kuelekea kusini, na mota yake sharti izunguke kinyume cha ile ya Ulaya.