Kanisa la Matofali Kule Muhima

Mkiteremka kutoka katikati ya Kigali kuelekea Muhima, watoto, mnapita kanisa la matofali liitwalo Sainte-Famille. Parokia hiyo ilianza mwaka 1913, mji wenyewe ukiwa bado mchanga. Lakini Ukatoliki wa Rwanda ulianzia mbali na hapo, barazani kwa mfalme.

Februari 1900, Askofu Jean-Joseph Hirth na wamisionari wake, walioitwa Mapadri Weupe, walifika Nyanza kwa Yuhi Musinga, mfalme kijana. Wakubwa wa baraza hawakuwataka jirani, wakawapa kilima cha Save, kusini huko. Wajanja wale! Mapadri walikuja na makatekista kutoka Buganda, na hao ndio waliobeba sehemu kubwa ya kazi ya kufundisha. Vitabu huwataja kwa mstari mmoja, vikapita.

Seminari haikuwepo. Vijana waliotaka upadri walivuka hadi upande wa Bukoba, Tanzania ya leo, wakasome Rubya. Hebu fikirini: mtoto wa Rwanda, mbali na mama yake, anakariri Kilatini mwaka baada ya mwaka! Wawili kati yao, Balthazar Gafuku na Donat Reberaho, walipewa upadri Kabgayi, kwao Rwanda, mwaka 1917, wakawa mapadri wa kwanza Wanyarwanda.

Musinga mwenyewe hakubatizwa kamwe. Wabelgiji, waliotawala nchi wakati huo, walimwondoa madarakani mwaka 1931, wakamweka mwanawe Rudahigwa, naye akabatizwa mwaka 1943. Kuanzia hapo Kanisa na utawala vilikaa kiti kimoja, na kwa maoni yangu ukaribu huo ulizidi mno.

Sasa niwaambie lililo gumu, maana mmeshakua. Zamani watu walipokimbilia misheni, mara nyingi walisalimika. Kwa hiyo mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, maelfu walikimbilia makanisani, Sainte-Famille ikiwemo. Wauaji waliwafuata humo humo. Wapo mapadri waliokufa pamoja na waumini wao, na wapo waliowasaliti. Mwaka 2017 Papa Fransisko aliomba msamaha wa Mungu kwa dhambi za Kanisa na watu wake.

Askofu Mkuu wa Kigali, Antoine Kambanda, alipoteza wazazi na ndugu katika mauaji hayo. Mwaka 2020 alifanywa kardinali, wa kwanza kutoka Rwanda.