Moyo na Ubongo Vikishambuliwa Pamoja

Tumezoea kuandika hapa juu ya vidole vinavyokatwa na mashine na madawa yanayounguza vifua vya wapuliziaji. Safari hii tunaandika juu ya mwenzetu aliyeanguka karibu na mizani ya majani ya chai, saa mbili asubuhi, ameshika kifua, mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia umelegea. Nyapara alisema amelewa. Akalazwa kivulini mpaka adhuhuri lori lilipopatikana. Shamba hatulitaji, maana shauri bado lipo mezani.

Mwenzetu alipatwa na mshtuko wa moyo na kiharusi kwa wakati mmoja. Ni jambo la nadra, lakini lipo. Mara nyingine moyo unaopiga ovyo hufanya donge la damu ndani yake. Kipande kimoja huenda kichwani, kingine huziba mshipa wa moyo wenyewe. Mara nyingine moyo ulioumia husukuma damu kidogo mno, ubongo ukakosa.

Ugumu wa tiba ni huu: dawa ya ugonjwa mmoja yaweza kuuzidisha wa pili. Mgonjwa wa moyo hupewa aspirini upesi pamoja na dawa za kuzuia damu isigande, kisha mshipa hufunguliwa kwa mrija mwembamba. Dawa hizo hizo zaweza kumwaga damu ndani ya ubongo ulioumia. Kwa hiyo kichwa hupigwa kwanza picha ya CT, ijulikane kama mshipa umeziba au umepasuka. Ukiwa umeziba, na hazijapita saa nne na nusu tangu dalili kuanza, mwongozo wa waganga wa Marekani wa mwaka 2018 unakubali apewe alteplase, dawa ya kuyeyusha donge, kwa kipimo cha kiharusi: miligramu 0.9 kwa kila kilo ya uzito, isizidi 90. Baadaye moyo hufunguliwa kwa mrija ikihitajika.

Ipo streptokinase, iliyo nafuu kwa bei, nayo husaidia moyo. Lakini kwa kiharusi haifai kabisa. Majaribio yake ya miaka ya 1990 yalisimamishwa kwa kuwa wagonjwa walivuja damu ubongoni wakafa. Tunalisema hili kwa sababu unafuu wa bei huwavutia wengi.

Sasa tupige hesabu. Taasisi ya Moyo ya Uganda, yenye vyombo vya kufungua mishipa ya moyo, iko Mulago, Kampala. Kutoka mashamba ya chai ya Fort Portal ni karibu kilomita 300. Aliyelazwa kivulini mpaka adhuhuri, saa zake nne na nusu zimeliwa karibu zote hata kabla lori halijawashwa.

Makatibu wa matawi wadai gari liwe tayari usiku na mchana, na nyapara afundishwe kwamba mdomo kwenda upande si pombe. Aandike saa ambayo mtu alionekana mzima mara ya mwisho. Mganga ataiuliza kwanza. Mwenye mdomo uliopinda asipewe chakula, maji wala aspirini kabla ya picha ya kichwa.

Mwenzetu yu hai. Mkono wa kulia haujarudi, na yeye alikuwa mchumaji.