Kuendeleza Mazungumzo ya Mtandaoni Pindi Huduma za Ujumbe Zinapokatika: Ufafanuzi wa Sababu na Njia Mbadala

Ikisiri

Makala hii inafafanua namna mazungumzo ya mtandaoni yanavyoweza kuendelezwa pale huduma za kutumiana ujumbe zinapokatika. Inaanza kwa kubainisha aina tatu za ukatikaji, kisha inaeleza jinsi mtumiaji anavyoweza kuzitambua, na mwisho inapima njia mbadala zilizopo. Hoja kuu ni kwamba mazungumzo ni mali ya wazungumzaji wala si ya huduma inayoyabeba. Kwa hiyo, uhai wake unategemea zaidi makubaliano ya awali kuliko wingi wa programu zilizomo katika simu.

1.0 Utangulizi

Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki, kundi sogozi limechukua kazi zilizokuwa zikifanywa na mjumbe, barua na kikao. Taarifa za misiba, michango ya harusi, marejesho ya mikopo ya vikoba, ratiba za wanafunzi na maelekezo ya wasimamizi wao hupitia humo. Mabadiliko haya yamerahisisha mambo mengi, lakini pia yamekusanya mayai yote katika kapu moja. Huduma inapokatika, kinachopotea ni zaidi ya soga: ni taarifa ya saa ya mazishi, ni namba ya kutumia mchango, ni jibu la mgonjwa aliye mbali. Swali linaloongoza makala hii, basi, ni hili: wazungumzaji wafanye nini ili uzi wa mazungumzo usikatike pamoja na huduma?

2.0 Aina za ukatikaji

2.1 Huduma yenyewe kuanguka

Mfano ulio wazi zaidi ni wa tarehe 4 Oktoba 2021. Jioni ya siku hiyo, kwa saa za Afrika Mashariki, huduma za Facebook, Instagram, Messenger na WhatsApp zilitoweka kwa wakati mmoja duniani kote, na hazikuanza kurejea hadi baada ya saa sita usiku. Kwa mujibu wa maelezo ya kampuni yenyewe, amri iliyotolewa wakati wa matengenezo ya kawaida ilikata mawasiliano kati ya vituo vyake vya data. Seva zake za majina, ambazo kazi yake ni kuielekeza mitandao mingine mahali huduma zilipo, nazo zikajiondoa katika ramani ya intaneti. Kwa lugha nyepesi, nyumba ilikuwapo, lakini anwani yake ilifutwa. Hata zana ambazo wahandisi walizitegemea kurekebisha tatizo zilikuwa ndani ya nyumba hiyohiyo.

Tukio hili lina funzo moja muhimu. Mtu aliyekuwa na WhatsApp, Messenger na Instagram alidhani ana njia tatu, kumbe alikuwa na njia moja yenye milango mitatu.

2.2 Njia ya kufikia huduma kukatika

Aina ya pili hutokea pale huduma ikiwa nzima lakini barabara ya kuifikia imeharibika. Tarehe 12 Mei 2024, mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikadorora katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwa miongoni mwa zilizoathirika zaidi. Katika hali kama hii, simu ya kawaida na ujumbe mfupi kati ya laini za ndani ya nchi havilazimiki kuvuka bahari. Ndiyo maana mtu anaweza kushindwa kumfikia jirani yake kwa WhatsApp, ilhali akimpigia simu anapokea mara moja.

2.3 Huduma kuzuiwa kwa amri

Aina ya tatu hutokana na uamuzi wa mamlaka. Nchini Uganda, intaneti ilizimwa usiku wa kuamkia uchaguzi wa tarehe 14 Januari 2021 na ikarejeshwa siku kadhaa baadaye. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, baada ya uchaguzi wa Novemba 2011, kilichositishwa kilikuwa ni ujumbe mfupi wenyewe. Mfano huu wa Kongo unatukumbusha kwamba hakuna njia mbadala iliyo salama daima. Hata njia kongwe na ya kawaida kabisa yaweza kuwa ndiyo inayofungwa kwanza.

3.0 Kutambua kilichokatika

Kabla ya kuhama njia, mzungumzaji anapaswa kujua tatizo liko wapi, kwani tiba ya aina moja haifai aina nyingine. Alama zinazoambatana na ujumbe katika WhatsApp ni msaada wa kwanza. Alama ya saa humaanisha kuwa ujumbe haujaondoka katika simu ya mtumaji. Tatizo liko upande wake au upande wa huduma. Tiki moja humaanisha kuwa ujumbe umefika katika seva lakini haujamfikia mpokeaji. Huenda simu yake imezimwa au bando lake limekwisha. Tiki mbili humaanisha umefika.

Alama ya saa ikidumu, jaribio la pili ni kufungua tovuti yoyote isiyo ya kampuni hiyohiyo. Ikifunguka, yaelekea huduma ndiyo iliyoanguka au kuzuiwa. Isipofunguka, apige simu ya kawaida. Simu ikiita, mnara unafanya kazi na kilichokosekana ni intaneti tu. Simu isipoita kabisa, tatizo ni la mtandao wa simu wenyewe, na laini ya kampuni nyingine yaweza kuwa suluhisho.

Ifahamike pia kwamba ujumbe wenye tiki moja haujapotea. WhatsApp huhifadhi ujumbe usiofika kwa muda wa hadi siku 30. Kwa hiyo, kuutuma ujumbe uleule mara kumi hakuharakishi chochote. Huongeza tu mkanganyiko huduma inaporejea.

4.0 Njia mbadala na mipaka yake

4.1 Ujumbe mfupi wa simu

Ujumbe mfupi hauhitaji intaneti wala simu janja. Ujumbe mmoja hubeba herufi 160, na hapa Kiswahili kina bahati: herufi zake zote zimo katika orodha ya msingi ya alama za simu. Hata hivyo, kuna mtego usiojulikana na wengi. Ujumbe ukiwa na alama moja tu isiyo katika orodha hiyo, kwa mfano kikaragosi cha uso unaocheka, ukomo wake hushuka kutoka herufi 160 hadi 70. Ritifaa iliyopinda, ambayo baadhi ya simu huiweka zenyewe katika maneno kama ng'ombe na ng'ambo, huweza kuleta matokeo hayohayo. Ritifaa iliyonyooka haina tatizo. Kwa anayetuma taarifa ya msiba kwa watu 60, tofauti hiyo yaweza kuongeza gharama mara mbili au tatu.

Ujumbe mfupi hauna kundi sogozi, lakini mnyororo huweza kuchukua nafasi yake. Katibu akiwatumia watu watano, na kila mmoja wao akawatumia wengine watano, watu 31 watakuwa na taarifa baada ya mizunguko miwili, katibu akiwamo. Kikundi cha watu 60 hufikiwa chote katika mzunguko wa tatu. Mipaka ya njia hii ni kwamba ujumbe mfupi haulindwi kwa usimbaji fiche kati ya mtumaji na mpokeaji, hivyo siri nzito haifai kupitishwa humo.

4.2 Barua pepe na programu ya pili

Barua pepe haina mmiliki mmoja. Seva ya mpokeaji isipopatikana, seva ya mtumaji huendelea kujaribu, kwa desturi kwa siku nne hadi tano, kabla ya kukata tamaa. Kwa mazungumzo ya kitaaluma, kama vile ya mwanafunzi na msimamizi wake, sifa hii ni ya thamani kubwa, kwani kazi iliyotumwa haipotei kimyakimya.

Programu ya pili ya ujumbe nayo yafaa, kwa sharti kwamba imilikiwe na taasisi tofauti na ya kwanza. Signal au Telegram ni mbadala wa WhatsApp, Messenger siyo. Aidha, programu ya pili haina maana ikiwa wenzako hawanayo. Isitoshe, kuipakua siku ya tukio ni sawa na kutafuta ndoo nyumba ikiwa inaungua.

4.3 Mawasiliano ya simu kwa simu

Zipo programu, kama Briar, zinazoweza kupitisha ujumbe kwa Bluetooth au Wi-Fi bila intaneti. Mipaka yake ni umbali, kwani simu mbili hazina budi kuwa karibu. Usalama nao hutofautiana: mwaka 2020 watafiti wa chuo cha Royal Holloway nchini Uingereza walionesha udhaifu mkubwa katika programu ya Bridgefy, iliyokuwa imetumiwa na waandamanaji huko Hong Kong. Njia hii, basi, inafaa watu walio katika jengo au uwanja mmoja, si ndugu walio mikoa tofauti.

5.0 Makubaliano ya awali

Vifaa pekee havitoshi. Kikundi kinapaswa kukubaliana mambo manne huduma ikiwa bado nzima. Kwanza, orodha ya namba iandikwe kwenye karatasi au daftari la kikundi, kwa kuwa wengi huwajua wenzao kwa majina yaliyomo ndani ya programu tu. Pili, njia ya pili itajwe, pamoja na muda wa kusubiri kabla ya kuhamia huko.

Tatu, na hili ndilo lenye hatari kubwa kuliko yote, pawepo namna ya kuthibitisha. Matapeli wa simu wamezoea kutuma ujumbe unaomtaka mtu aelekeze fedha kwenye namba nyingine. Wakati wa mvurugano, ujumbe kama huo huonekana wa kweli, maana kila mtu anatumia njia asiyoizoea. Kanuni iwe kwamba hakuna fedha inayotumwa kwa namba mpya hadi mhusika apigiwe na sauti yake itambuliwe. Kwa mwanakikundi kiziwi, ambaye simu ya sauti haimfai, pawekwe swali la siri ambalo jibu lake linajulikana na wanakikundi tu.

Nne, huduma inaporejea, katibu aandike muhtasari wa yaliyoamuliwa kwingineko. Ujumbe uliokwama huingia kwa mkupuo, pengine baada ya mambo kuwa yamebadilika. Taarifa ya kuwa mazishi ni saa nane ikiingia baada ya kuhamishiwa saa sita, itawapotosha waliokuwa hawamo katika njia ya pili.

6.0 Hitimisho

Makala hii imeonesha kuwa huduma huweza kuanguka yenyewe, kukatiwa njia au kuzuiwa, na kwamba kila hali ina dalili na tiba yake. Imeonesha pia kuwa njia zote mbadala zina mipaka, na hivyo hakuna moja inayotosha peke yake. Inapendekezwa kwamba vikundi vya kijamii, vyama vya kuweka na kukopa na idara za vyuo ziingize utaratibu wa mawasiliano ya dharura katika kanuni zao, na ziujaribu walau mara moja kwa mwaka. Jaribio lenyewe ni jepesi: kwa siku moja, kikundi kisitumie programu yake ya kawaida, kisha kihesabu ni wangapi waliopata taarifa. Wale ambao haikuwafikia ndio watakaoonesha mahali mnyororo unapohitaji kuimarishwa.