Safi si Salama: Lugha ya Mhudumu wa Kujitolea katika Elimu ya Maji Vijijini

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii yaweza kuwa wito wa mashirika yanayowatuma watu ng'ambo kuhudumu kwa kujitolea. Shirika la Peace Corps la Marekani liliasisiwa mwaka 1961, na mwaka uo huo wahudumu wake wakafika Tanganyika. Japani nayo ilianzisha mpango wake mwaka 1965. Miongoni mwa kazi walizozifanya wageni hawa ni kuwaelimisha wanavijiji kuhusu maji. Kazi hiyo huhesabiwa kuwa ya afya na uhandisi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba ni kazi ya lugha pia, na kwamba aghalabu hukwama katika neno moja: safi.

Mhudumu hufunzwa Kiswahili kwa muda mfupi kabla ya kupelekwa kijijini, naye hushika upesi fungu la maneno "maji safi". Katika matumizi ya kawaida, kilicho safi ni kile kisichoonekana kuwa na taka. Maji ya chemchemi yanayong'aa ni safi, na mama anayeambiwa ayachemshe ana haki ya kushangaa. Mwenye macho haambiwi tazama! Hata hivyo, viini vya kipindupindu na vya homa ya matumbo havionekani kwa macho. Ndiyo maana Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 43, inataja maji yaliyo safi na salama. Maneno hayo mawili si visawe: la kwanza huthibitishwa na jicho, la pili halithibitishwi nalo.

Mgeni asidhani kwamba kosa hili ni la mwanakijiji wa Afrika pekee. Mwaka 1854, katika mtaa wa Broad Street jijini London, watu zaidi ya 600 walifariki kwa kipindupindu. Daktari John Snow aliihusisha maafa hayo na bomba la maji ambalo wakazi walilipenda. Nao pia waliyaamini macho na ndimi zao.

Neno la pili lenye utata ni "vijidudu". Mzizi wake ni mdudu, na mdudu tumjuaye hutambaa au huruka. Msikilizaji huinama juu ya mtungi, akatazama, asione kitu, akahitimisha kwamba maji yake hayana neno. Mhudumu mwenye busara huanzia katika jambo linalofahamika: chumvi ikiyeyuka haionekani, ila imo.

Tofauti ya safi na salama hujitokeza pia katika mbinu zenyewe. Mosi, mbegu za mlonge zilizopondwa hulifanya tope litue chini. Maji hayo yamekuwa safi, lakini bado yahitaji kutibiwa ili yawe salama. Pili, kuchemsha: maji yatokote kwa dakika 1, na katika nyanda zinazozidi mita 2,000 kwa dakika 3, kwa kuwa huko hutokota yakiwa na joto pungufu. Tatu, klorini: maji yenye tope huchujwa kwanza, kisha dawa hutiwa na kuachwa kwa dakika 30. Nne, jua: maji maangavu hutiwa katika chupa ya plastiki isiyo na rangi na kuanikwa kwa muda wa saa 6, au siku 2 kukiwa na mawingu. Hapa pia lugha ina mtego wake. Mhudumu asemaye "hadi saa sita" badala ya "kwa muda wa saa sita" atasababisha chupa iondolewe juani adhuhuri.

Mfano wa Busia, magharibi mwa Kenya, unatufunza zaidi. Mwanauchumi Michael Kremer, aliyewahi kufundisha katika eneo la Kakamega miaka ya 1980 na kupata Tuzo ya Nobel mwaka 2019, alichunguza na wenzake chemchemi zilizojengewa kinga. Utafiti huo, uliochapishwa mwaka 2011, ulibainisha kwamba uchafuzi kwenye chemchemi ulipungua kwa asilimia 66, lakini katika maji yaliyowekwa nyumbani nafuu ilikuwa ndogo zaidi. Maji yalichafuliwa tena njiani na mitungini. Saruji pekee haikutosha. Palihitajika mazungumzo kuhusu mkono, kata na kifuniko.

Baadaye vilisimamishwa visambaza klorini kando ya vituo vya maji, na wanakijiji wakamchagua mmoja wao awahimize wengine. Uamuzi huo ulikuwa wa hekima. Mgeni ana siku zake, kisha huenda kwao; anayebaki ni jirani, ambaye huweza kueleza jambo lile lile kwa Kisamia, Kiteso au Kiswahili, na kuulizwa tena kesho.

Hatimaye, jukumu linaturudia sisi wanafunzi na walimu wa Kiswahili. Mgeni hufundisha kwa maneno tuliyompa. Tukimpa istilahi zisizotofautisha kinachoonekana na kisichoonekana, tusimlaumu kijiji kisipomwelewa. Tuandike vijitabu vya maji kwa Kiswahili sanifu chenye kueleweka, tuvisome mbele ya wachotaji wenyewe kisimani, na tuwe radhi kusahihishwa nao. Mtoto anywaye maji ya mtungini hana habari za visawe, lakini afya yake yaweza kutegemea tofauti kati ya safi na salama.